Wamehamia Bondeni

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza kazi ya kukaa. Miaka kumi na tisa nimeuza usipa, dagaa wa ziwani, katika soko hili la Mseto, nikiinama na kuinuka, na magoti yamekwisha. Daktari aliponiambia niache kubeba nilimwuliza nitakula nini. Alicheka kidogo, kisha akaandika vidonge.

Kumbe riziki ilikuwa ghorofani. Umoja wa wafanyabiashara umefunga kamera tisa, na meneja wa soko, Bwana Zabron, alikuwa anatafuta mtu wa kuzitazama. Akaniita. "Mama Glorious, vijana wenye vyeti wanaijua mashine. Wewe unawajua wezi."

Nawajua kweli. Wengine nimewauzia usipa.

Kamera zimeletwa kwa sababu ya mwaka jana. Msimu wa kahawa mji huu unajaa fedha na wageni, na wezi nao wana msimu wao. Mwaka jana mzee Mansuetus wa kijiji cha Ukata aliibiwa malipo yake yote ya kahawa mbele ya duka la mbolea. Alikaa tu chini palepale mpaka saa kumi jioni, watu wakimzunguka kama wanavyozunguka gunia. Wiki ileile wenye maduka wakaanza kuchanga.

Chumba changu kina dirisha moja lisilofungika na kioo kikubwa kilichogawanyika mara tisa. Nafasi yangu ya kuuzia, karibu na geti la nyuma, nimemwachia wifi yangu Rosina, dada yake Joakim, mume wangu. Amenunua turubai la bluu na mwavuli mkubwa. Nilimwona kwenye kamera namba tano, nikampungia mkono. Kisha nikakumbuka kwamba yeye hanioni.

Jumanne, 4 Juni

Hakuna kitu. Macho yanauma.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemkamatisha Clemence.

Clemence alikuwa mbeba mizigo hodari kabla mikono yake haijaanza kuingia mifukoni mwa watu. Ana miaka thelathini na kitu sasa, mstaarabu wa maneno, hapiti mtu mzima bila kumwamkia. Saa nne nilimwona kwenye kamera namba nne, amesimama nyuma ya mama mmoja anayechagua maharage. Mkono ukaenda kwenye mkoba, simu ikatoka, Clemence akaanza kutembea taratibu kama mtu anayetoka misani. Nikampigia Methodi, mkuu wa walinzi. "Geti la mbele, koti la kijani." Wakamkuta nayo.

Bwana Zabron aliniletea soda mwenyewe na kunishika mkono. Yule mama alipandishwa juu anishukuru, akapiga magoti mbele yangu. Nilijiona mtu. Miaka kumi na tisa nimesimama chini nikiona simu za watu zinakwenda, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni yowe.

Jumatatu, 10 Juni

Ukungu mpaka saa tano. Kamera zote tisa zinaonyesha maziwa. Hakuna kitu.

Jumanne, 11 Juni

Clemence ametoka polisi. Alipita chini ya kamera namba moja, akavua kofia, akaiinamia kamera kwa adabu.

Jumamosi, 15 Juni

Bwana Zabron alikuja na fundi. Alisimama nyuma ya kiti changu akiangalia kamera namba tano, akauliza, "Hapa mbona hatuoni vizuri? Nini kinaziba?"

Nikajibu, "Miavuli."

Hilo tu. Aliuliza nikajibu, na lilikuwa jibu la kweli: wanawake wa chini, wasio na vizimba, wana miavuli kama thelathini pale, na mtu akiingia katikati yao humwoni tena. Bwana Zabron akaandika kwenye simu yake. Fundi akasema ndiyo, eneo liwe wazi.

Jioni nimeanika kahawa na Joakim, vidole vikafa ganzi. Sikumwambia neno, kwa sababu sikuona kama kuna neno la kusema.

Jumatatu, 17 Juni

Tangazo limebandikwa. Wauzaji wote wasio na vizimba watatoka ndani ya ukuta na kuhamia Bondeni, ile barabara ya vumbi inayoteremka nyuma ya soko mpaka kwenye karavati la mfereji. Kwa ajili ya usalama wa soko, tangazo linasema.

Rosina alipanda ngazi mpaka mlangoni kwangu. Hajawahi kupanda.

"Wifi, wanasema miavuli yetu inaziba kamera. Nani kawaambia?"

"Kamera zenyewe zinaonyesha," nikasema.

Alinitazama, akakitazama kioo, akatafuta turubai lake mpaka akaliona. "Kumbe unaniona siku nzima," akasema, akateremka.

Jumatano, 19 Juni

Wamehama. Kamera namba tano sasa inaonyesha sakafu safi ya saruji, unaweza kuhesabu vijiti vya kiberiti. Hakuna kitu.

Jumamosi, 29 Juni

Wiki mbili bila tukio hata moja. Bwana Zabron amenunua kalamu nyekundu ya kuandikia sifuri kwenye kitabu cha soko.

Leo jambo jema limenifikia, niliandike lisije likasahaulika. Mzee Mansuetus amekuja kutoka Ukata na malipo yake ya kwanza ya msimu. Alipita mbele ya duka lile la mbolea, akasimama. Nilimwona kwenye kamera namba mbili. Akageuka, akatazama juu, akatazama kushoto na kulia, kisha akaingia dukani, akanunua mifuko miwili, akatoka. Nilimfuata kwa macho kutoka namba mbili mpaka namba moja, mpaka akapanda gari la Ukata. Hakuna aliyemsogelea.

Nililia kidogo, peke yangu na vioo vyangu. Mtu asije akaniambia kamera hazifai kitu.

Jumatano, 3 Julai

Rosina amekuja kula kwetu. Anasema Bondeni wanaibiwa. Jana simu ya muuza mchicha, juzi mkoba, Ijumaa ndoo nzima ya usipa imechukuliwa kichwani mwa mtu. Nikamwambia watu wa sokoni wanapenda kuongeza chumvi. Akasema, "Sawa, wifi," akaendelea kumega ugali. Joakim alinitazama juu ya bakuli la maharage.

Alhamisi, 4 Julai

Hakuna kitu.

Ijumaa, 5 Julai

Hakuna kitu. Baridi kali, nimevaa soksi mbilimbili.

Jumanne, 9 Julai

Kamera namba saba inatazama geti la nyuma kwa ndani, na nje yake kipande kidogo cha barabara kinachoanza kuteremka. Siku tatu mfululizo saa tatu asubuhi Clemence na wenzake wawili, mmoja ana koti jekundu, wanakatisha soko zima. Hawagusi kitu. Wanatoka geti la nyuma, wanateremka, wanapotea pembeni mwa kioo. Saa tisa alasiri wanarudi na kupanda kwenda mjini. Wana ratiba nzuri kuliko yangu.

Jumatano, 10 Julai

Saa tatu na dakika tano wamepita.

Alhamisi, 11 Julai

Saa tatu kamili. Mwenye koti jekundu anakula karanga.

Jumanne, 16 Julai

Leo ni zamu yangu ya kupumzika. Nimekwenda Bondeni kukaa na Rosina.

Vumbi la malori linaangukia samaki. Ukuta wa soko uko nyuma yetu, mrefu, na juu yake mgongo wa kamera namba tano, ikitazama ndani. Wanawake wamebananishwa pande mbili za barabara, wateja wanapita katikati wakisukumana. Sikukaa saa moja. Muuza nyanya aliinama kuokota chenji, alipoinuka mkoba wake haupo. Alipiga yowe. Watu wakageuka. Getini, hatua hamsini juu yetu, walinzi wawili walitazama chini, kisha wakatazama pengine.

"Hiyo ndiyo chumvi," Rosina akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Nilipokuwa napanda kurudi Clemence alinikuta nimeegemea ukuta, magoti yamegoma.

"Shikamoo, Mama Glorious."

"Marahaba. Huoni haya, Clemence? Wanawake hawa wana nini cha kuibiwa?"

"Kidogo sana, mama," akasema. "Kule ndani kulikuwa na watu wenye nazo. Lakini mimi si mjinga wa kuiba mbele ya macho yako. Sijaacha kazi, nimehamishwa tu, na wewe ndiye uliyenihamisha." Akaokota mfuko wangu uliokuwa umeanguka, akanipa, nami nikauangalia kama kila kitu kimo. Kilikuwemo.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemweleza Bwana Zabron. Alinisikiliza akikunja na kukunjua risiti.

"Hayo yametokea sokoni?"

"Yametokea nyuma ya ukuta wa soko, Bwana Zabron. Wezi ni walewale."

"Mimi ni meneja wa soko, Mama Glorious. Barabara si yangu." Kisha akashusha sauti. "Agosti mwishoni kuna mkutano mkuu. Kamera zitaamuliwa, na mimi nitaamuliwa. Nina watoto wanne. Usiniletee Bondeni."

Nilimdhania mtu mwenye kiburi. Leo nimeona ni mtu mwenye hofu, na sijui kipi ni kibaya zaidi kwa mtu aliye juu yako.

Jumapili, 21 Julai

Misa, kisha kuchuma kahawa. Joakim kachuma mistari mitatu, mbali na mimi.

Alhamisi, 25 Julai

Nimeanza kuandika ya Bondeni nyuma ya daftari hili. Rosina ananiletea kila jioni: siku, mtu, kitu. Naandika bila kuongeza.

Jumatano, 31 Julai

Ndani, Julai nzima, matukio mawili. Bondeni kumi na manne. Mkono umechoka.

Alhamisi, 8 Agosti

Ni Nane Nane na mji ulifurika. Najaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa tano nilikuwa nimetazama vioo tangu saa moja na nusu. Watu ndani walikuwa wengi kama siafu, na hakuna kitu, kweli kabisa hakuna kitu. Wenye maduka wamefungulia muziki. Saa tano na robo, kwenye kamera namba saba, watu waliokuwa wanaingia kwa geti la nyuma wakasimama. Wakageuka wote pamoja. Nikawa naona migongo tu. Kisha migongo ikaanza kukimbia kuteremka, mmoja mmoja ikatoka kwenye kioo, nikabaki na geti tupu na walinzi wawili wamenyoosha shingo.

Kamera hazina sauti. Lakini niliisikia kupitia dirisha langu lile lisilofungika: yowe la wanawake wengi kwa pamoja.

Nikampigia Methodi. "Bondeni kuna nini?"

"Naona watu wanakimbia, mama."

"Peleka watu!"

"Mama, sisi ni wa ndani. Tukiacha geti siku kama ya leo, nani atajibu?"

Niliacha vioo. Ngazi zile huwa nazishuka kwa kukaa, leo sijui nilizishukaje. Nilikatisha soko nikiwapamia watu, nikapita geti, nikamwambia Methodi neno ambalo sitaliandika. Kuteremka Bondeni nilishika ukuta njia nzima.

Rosina alikuwa amelala ubavu kando ya karavati. Mkoba wake alikuwa ameuvaa kwa kuupitisha kichwani, mimi ndiye niliyemfundisha kuuvaa hivyo, usinyakuliwe. Mwenye koti jekundu aliunyakua hivyohivyo akakimbia, na kamba haikukatika. Rosina aliburutwa. Walioona wanasema hatua nane, wengine wanasema kumi. Alipofika kwenye saruji ya karavati kamba ndipo ikakatika. Usipa ulikuwa umemwagika barabara nzima, watu wanaukanyaga.

"Wifi, mkono," akasema. "Mkono wangu hauko mahali pake."

Tukampakia kwenye bajaji. Nilimshikilia mimi. Kila tukipita shimo alikuwa ananiuma bega kupitia sweta, nami nikamwambia auume tu. Mfupa wa juu ya kiwiko umevunjika mara mbili, na bega limetoka. Wamemfunga hogo zito la plasta kutoka shingoni mpaka kwenye vidole.

Joakim alifika hospitali na matope ya shambani miguuni. Alimwamkia daktari, akakaa kando ya dada yake, akamshika mguu kwa kuwa hakuna pengine pa kumshika. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akasema, bila kunitazama:

"Hivi ile habari ya miavuli. Meneja aliijuaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, swali lilivyokuwa na jibu langu lilivyokuwa. Hakusimama. Aliendelea kutembea mbele yangu kwa mwendo uleule. Baada ya muda akasema, "Ungemwambia dada yangu mwenyewe. Siku ile alipopanda ngazi."

Ijumaa, 9 Agosti

Sikwenda kazini.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimerudi. Kitabu cha soko cha tarehe nane kimeandikwa sifuri. Kwa wino mwekundu.

Jumanne, 13 Agosti

Rosina yuko kwetu. Ananijibu kwa kupitia Joakim. "Mwambie chai inatosha." Nipo mita moja.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemwogesha. Mgongo wake una mikwaruzo iliyoanza kukauka. Nimeipaka mafuta taratibu, amekunja uso.

Jumapili, 18 Agosti

Bwana Zabron amekuja nyumbani na kilo mbili za sukari. Alikaa kwenye kiti cha mbao, kofia magotini. Alimwuliza Rosina anaendeleaje, Rosina akasema anaendelea. Kuku alipita katikati yetu. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka njiani, nikadhani atanionya kuhusu mkutano. Alisema tu, "Mimi mama yangu aliuza karanga chini. Chini kabisa, hata turubai hana." Akapanda pikipiki.

Jumatano, 21 Agosti

Nimemwona Clemence mbele ya duka la dawa. Hakuvua kofia safari hii.

"Si mimi, Mama Glorious."

"Najua. Lakini ulikuwepo."

"Nilikuwepo," akasema.

Alhamisi, 22 Agosti

Mvua isiyo na msimu, kama nusu saa. Tumekimbiza kahawa kwenye vichanja. Joakim ameniita kwa jina langu, "Eunice, shika upande huo," mara ya kwanza tangu Nane Nane.

Jumamosi, 24 Agosti

Nilimwomba Methodi kitabu cha walinzi cha mwaka jana. Nilitegemea atakataa. Alinipa, akakaa kando yangu kwenye benchi nikiandika.

Julai mwaka jana, kabla ya kamera: ndani ya soko matukio ishirini na moja, Bondeni mawili. Julai mwaka huu: ndani mawili, Bondeni kumi na manne. Nimehesabu mara tatu. Ndani yamepungua kumi na tisa, nje yameongezeka kumi na mawili. Kwa hiyo saba yamekufa kweli. Sikulitegemea hilo, nilitaka yawe yamehama yote ili hasira yangu ikae vizuri. Lakini saba yamekufa, na kumi na mawili yamehama, kutoka kwa wenye maduka na wenye malipo ya kahawa kwenda kwa wenye mchicha.

"Mama," Methodi akasema, "siku ile miguu yangu ilitaka kwenda."

Nikamwambia najua. Sijui kama najua.

Jumamosi, 31 Agosti

Mkutano mkuu.

Ulifanyika kwenye ghala, watu kama mia na ishirini. Bwana Zabron alisoma taarifa yake, sifuri nyingi, makofi mengi. Alipofika mwisho akauliza kama kuna nyongeza. Nilisimama. Daftari hili lilikuwa mkononi.

Nilisoma hesabu yangu kama ilivyo, pamoja na yale saba. Nilisema mzee wa Ukata amenunua mbolea kwa amani, nimemwona kwa macho yangu. Kisha nikasoma majina ya Bondeni, mmoja mmoja, na kitu alichoibiwa. Nilipofika kwa Rosina sikusema kitu alichoibiwa. Nilisema mkono wa kulia.

Mama mwenye duka la vitenge akasimama. "Sasa dada unataka nini? Kamera zishushwe, turudi kulekule?"

"Sijasema zishushwe. Nasema wenzetu tumewatoa nje ili sisi tuonekane vizuri. Na aliyesema miavuli inaziba ni mimi. Niliulizwa nikajibu, wala sikuuliza watakwenda wapi. Warudisheni ndani. Na kama hawarudi, mlinzi akisikia yowe atoke nje ya geti."

Kukawa na kelele. Mmoja alisema walinzi wanalipwa na wenye vizimba. Mwingine akasema wanawake wale hawachangii. Methodi, ambaye hakualikwa kusema, akasema kutoka mlangoni kwamba yeye yuko tayari kutoka, wakimruhusu au wasimruhusu. Bwana Zabron alikuwa anatazama karatasi zake. Nilisubiri anikane. Alisema, "Takwimu za Mama Glorious nimezipitia. Ni sahihi." Hakuzipitia. Sikuwahi kumwonyesha.

Uamuzi: kamera namba tisa, iliyokuwa inatazama maegesho ya malori, ihamishiwe Bondeni. Mlinzi mmoja ashuke kila siku. Suala la akina mama kurudi ndani litaangaliwa. Limeandikwa hivyo, litaangaliwa. Bwana Zabron ameongezewa mwaka mmoja kazini.

Nimerudi nimechoka kama niliyelima ekari nzima. Rosina alikuwa amekaa jikoni. Joakim, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya ghala bila mimi kujua, alikuwa ameshamsimulia.

"Ulisema mbele ya yule mwenye vitenge?" Rosina akaniuliza. Mimi mwenyewe, si kupitia mtu.

"Mbele ya wote."

Maji ya ugali yakaanza kuchemka. "Kesho usinivalishe hii blauzi," akasema. "Inanibana kwapani. Nimekuwa nikikuvumilia tu."

Jumanne, 10 Septemba

Kamera namba tisa inaona Bondeni yote mpaka kwenye karavati. Clemence na wenzake hawapiti tena saa tatu. Wanawake wamekaa wametulia, muuza nyanya amesinzia.

Mchana nikasikia kwamba mama mmoja ameporwa mkoba kwenye njia ya Ukata, penye mikaratusi. Yuko mzima. Sina kamera ya mikaratusi.

Ijumaa, 13 Septemba

Hogo limetolewa. Mkono unanyanyuka mpaka usawa wa kifua, hapo unakoma. Daktari anasema labda utaongezeka. Rosina hawezi kubeba ndoo.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimerudisha ufunguo. Bwana Zabron aliuliza nani atakaa sasa. Nikamwambia atafute kijana mwenye cheti, wezi ninaowajua wameshaondoka. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliniuliza magoti yatawezaje Bondeni. Nikamwambia nitakaa kwenye kigoda, Rosina ataita wateja, sauti yake haikuvunjika.

Jumamosi, 21 Septemba

Tuko Mbaha kando ya ziwa, nyumbani kwetu nilikozaliwa, tumekuja kufuata usipa wenyewe. Huku kuna joto, nimevua sweta nililoishi nalo miezi minne. Upepo wa mwera umepungua na ziwa limelala. Rosina amekaa mchangani, mkono ameutanda khanga, wanawake wa kwetu wanampa pole kwa zamu.

Jioni kaka yangu Aidan alikuja kukaa nasi. Ni mwenyekiti wa kitongoji sasa. Alisema kijiji cha jirani, Kihagara, siku ya mnada zimeibiwa simu sita, na walioiba ni wageni kutoka juu milimani, mmoja mwenye maneno mazuri sana, anaamkia kila mtu. Sikuuliza jina.

"Huku hatujazoea mambo hayo," Aidan akasema. "Watu wanataka tuchange tufunge kamera penye mwalo wa samaki. Dada, wewe umeifanya kazi hiyo. Zinasaidia?"

Nilitazama ziwa kwanza. Swali hilo halikujibika kwa neno moja.

"Pale zinapotazama, zinasaidia," nikasema. "Nimemwona mtu aliyesaidiwa. Na huyu hapa mkono wake hauinuki. Kabla ya kuchanga, kubalianeni kwanza nani atatoka nje ya geti akisikia yowe la mtu asiye wa ndani."

Aidan alikuna kidevu. "Lakini huku hatuna geti, dada."

"Basi msiliweke," Rosina akasema, kabla sijafungua mdomo.

Aidan alicheka akidhani ni utani. Rosina hakucheka. Aliniomba nimsaidie kuinuka, tukaenda kugeuza usipa kabla jua halijazama, yeye kwa mkono mmoja, mimi kwa magoti haya, kichanja baada ya kichanja.